Nilimdanganya Mchumba, Dume la Baba Yake Likaniumbua

Jamani, kosa ni langu, sio la ng'ombe!

Mimi ni kijana wa Igogo, natengeneza programu za vifaa vidogo. Nilikuwa naposa binti wa Sengerema, tumwite Neema, naye anaandika programu kama mimi. Baba yake ana dume anayempenda kuliko sisi wote. Jina lake Diwani.

Nikaona hapa ndipo pa kujipatia sifa! Nikatengeneza mkanda wa shingoni wenye GPS. Diwani akienda mbali na zizi, simu ya mzee inapata meseji.

Neema akaniuliza, "Umeujaribu mkanda wenyewe, au kwenye laptop tu?"

"Mkanda wenyewe, mpenzi."

Uongo mtupu! Kwenye laptop umbali ulitoka sawasawa, nikafunga kazi.

Sasa sikia. Kompaila, ile inayogeuza tulichoandika kuwa lugha ya mashine, huangalia kwanza inaitengenezea chipu gani. Mimi niliandika "double", namba yenye desimali nyingi. Laptop ikanipa zote. Kwa chipu ndogo ya mkanda, kompaila ikaipa nusu ya nafasi, desimali za mwisho zikakatwa, wala haikuniambia kitu! Kumbe umbali wote ulikuwa umejificha kwenye hizo desimali za mwisho. Hatua chache za ng'ombe zikageuka kilomita mbili.

Jumapili tuko sebuleni kwa mzee, mshenga wangu anakohoa aanze kuongea, simu ikalia: DIWANI AMETOKA. KILOMITA MBILI.

"Diwani kaibiwa!" Mzee karuka. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakatoka na fimbo, moja kwa moja kwa jirani asiyepatana na mzee. Wakampekua hadi jikoni! Nami nimo, napiga kelele kuliko wote.

Diwani alikuwa zizini, anacheua.

Neema akauunganisha mkanda na laptop, akaona desimali zimekatwa, akanitazama. "Ulisema umejaribu."

Nikampigia magoti jirani. Nikamgeukia mzee, "Shikamoo baba, naomba..."

"Marahaba. Vaa."

Nikauvaa! Nikazungushwa zizini kijiji kizima kinatazama, simu inalia kwamba nimetoroka!

Posa imeahirishwa. Mzee siku hizi anacheka. Neema hacheki.

Wenzangu, jaribuni kwenye kifaa chenyewe, na kama hamjajaribu semeni hamjajaribu! Hesabu niliirekebisha jioni moja. Neema, hadi leo nikimwambia nimefika nyumbani, anataka picha.