Boti ya Watu wa Mlimani

Wiki iliyopita walikuwa wanaziba mashimo kwenye barabara inayopita mbele ya ofisi yetu hapa Moshi mjini. Pipa la lami lilikuwa linachemka juu ya moto wa kuni, na moshi wake ukaingia hadi mezani kwangu. Wenzangu walifunga madirisha wakilalamika kwamba vichwa vinawauma. Mimi nilitafuta sababu ya kutoka nje. Nilisimama karibu na pipa lile muda mrefu kiasi kwamba kijana mmoja wa kazi aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana. Sikuwa na namna ya kumweleza kwamba kwangu mimi harufu ya lami ni harufu ya boti, na ya baba yangu, na ya Krismasi moja niliyoilia sana nikiwa na miaka tisa.

Kwetu ni Mwika. Babu alikuwa na watoto watatu wa kiume na kihamba kimoja, lile shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Mliozaliwa mlimani mnajua mambo yanavyokwenda: mkubwa anapewa, wa mwisho anabaki na mama, wa katikati anajitafutia kwingine. Baba alikuwa wa katikati. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyegombana naye. Alijifunza useremala, akaenda Mwanza akafanya kazi kwenye karakana ya boti, na mama yangu alipofariki mimi nikabaki mikononi mwa Bibi. Nilipofika darasa la pili Baba akarudi. Alikuwa amepata eneo tambarare huko chini, kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, na akanichukua tukashuka.

Sijawahi kuchukia mahali kama nilivyochukia pale. Joto lilianza kabla hata sijanawa uso. Hapakuwa na migomba, hapakuwa na ukungu, na maziwa yaliuzwa kwenye chupa za soda. Usiku nilikuwa nimezoea kulala nikisikia ng'ombe wa Bibi akicheua upande wa pili wa ukuta. Huku chini nilisikia mbu na redio ya jirani. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Tulikula tukitazamana, akanawa, akaenda kupiga randa, na mimi nikabaki na vyombo. Nilikuwa mpweke, na kwa akili yangu ya kitoto nilidhani ni mimi peke yangu.

Kilichonitia nguvu ni Krismasi. Desemba ikifika, Mchagga hata akiwa wapi anapanda kwao, na sisi tulipanda mwaka ule wa kwanza. Nakumbuka nilivyojivuna. Baba mkubwa alimpokea Baba kwa shangwe, akamkalisha kwenye kile kiti chenye mto kilichokuwa kinatolewa kwa mchungaji tu. Mbuzi alipochinjwa Baba aliinuka kwenda kusaidia, wakamrudisha kitini. Walimwambia apumzike, ametoka mbali. Kisu akashika baba mdogo. Mimi nilizunguka uani nikiwatambia binamu zangu kwamba baba yao anachafuka damu na wangu amekaa kwenye kiti cha mchungaji.

Tuliporudi bwawani, Baba alianza kujenga boti. Wengi wetu pale tulikuwa watu wa kutoka mlimani, wakulima wa vitunguu na mahindi, na maji tuliyaogopa kama moto. Tuliishi kando yake tukiyapa mgongo. Wavuvi wa ng'ambo, waliotoka huko Mara na kwingineko, walitucheka waziwazi. Baba aliona aibu. Alisema watu wanaokaa kando ya maji wajue maji, na kwamba Mwanza alikuwa ameona watu wazima wakipiga makasia kwa ajili ya michezo tu, jioni, baada ya kazi, na wakapendana kwa sababu hiyo. Akatangaza kanisani, baada ya matangazo ya ndoa, kwamba anaanzisha chama cha makasia.

Walijitokeza watatu. Mwalimu Kimaro, aliyenifundisha hesabu. Anaeli mwenye duka, ambaye tumbo lake lilifika kwenye mkutano kabla yake. Na Mama Siaeli, mjane wa vitunguu, ambaye alisema wazi kwamba amekuja kwa sababu jioni nyumbani kwake hakuna mtu wa kusemeshana naye. Wote watatu hawakujua kuogelea. Mkutano wa kwanza ulifunguliwa kwa sala ndefu kuliko ajenda, ukafanyika uchaguzi, na kwa kuwa wanachama walikuwa wanne na vyeo vinne, kila mtu alishinda. Baba akawa mwenyekiti.

Boti ilikuwa ndefu, nyembamba, imezibwa mianya kwa lami, na ilikuwa na nafasi ya watu wanne, kila mtu na makasia yake mawili. Shida ilikuwa namna ya kukaa. Mpiga makasia huketi mgongo wake ukielekea kule anakokwenda. Hilo Anaeli hakulikubali kabisa. Alisema katika maisha yake hajawahi kwenda mahali asipopaona, akawa anageuza shingo kila baada ya kuvuta, na kila akigeuka boti nayo inageuka. Wiki za mwanzo walizunguka palepale kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Ndipo Baba akaamua kwamba anahitajika mtu mwepesi wa kukaa nyuma kabisa, akitazama mbele, ashike usukani na kuwaambia wengine kulia au kushoto. Mtu mwepesi nilikuwa mimi.

Basi nikawa nakaa kule nyuma, wao wote wananitazama, mimi nawatazama. Tukiondoka ufukweni kwetu kuelekea kusini, mlima ulikuwa nyuma yangu. Wao waliuona wakati wote. Kukiwa hakuna mawingu Mama Siaeli alikuwa akivuta huku akituonyesha kwa kidevu: pale Marangu, pale Mwika, pale ni kwetu. Mimi nisingeweza kugeuka. Mbele yangu kulikuwa na nyuso zinazoinama na kuinuka, na maji, na vilima vikavu nisivyovijua majina. Lakini sitawadanganya. Jioni zile nilicheka. Mwalimu Kimaro akiwa majini alisahau kwamba ni mwalimu, na Mama Siaeli aliimba tenzi za kanisani kwa mwendo wa makasia mpaka Anaeli akaacha kugeuka. Kufika mwezi wa kumi tulikuwa tunakwenda moja kwa moja.

Wavuvi wa ng'ambo wakasikia. Mzee wao, Mzee Ojwang', akaja kutukaribisha tushindane. Baba akaitisha mkutano, akasema mashindano yatafanyika siku ya pili ya Krismasi, akauliza kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyekuwa na neno. Mpaka leo nikiukumbuka ukimya ule nacheka kidogo. Mwenyekiti ameshasema, nani atampinga mbele za watu? Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akiamini Anaeli hatapanda mwaka huu, hivyo yeye akipanda boti bado itakuwa na watu. Anaeli naye aliitikia akiamini hivyohivyo kuhusu Mama Siaeli. Nami nikahesabu vidole nikajua kwamba sitamwona Bibi.

Siku chache kabla ya Krismasi kijiji kilihama. Magari yalijaa mchele wa Chekereni, vitunguu, samaki wakavu na kuku waliofungwa miguu. Anaeli alifunga duka, akasema anapeleka mzigo tu atarudi. Mwalimu Kimaro alikuwa ameondoka bila kuaga, jambo ambalo si tabia yake. Mama Siaeli angalau alikuja hadi mlangoni, akiwa na kitenge kipya na uso wa mtu mwenye kesi. Alimwambia Baba kwamba watoto wake wameshafika mlimani, hawezi kuwaacha. Kisha akaomba anichukue mimi, kwa kuwa njia ni moja, anifikishe kwa Bibi.

Nilikuwa tayari nimeshika viatu.

Baba alinitazama, akatazama chini. "Huyu ndiye mshika usukani," akasema. "Boti haiendi bila yeye."

Mama Siaeli akanishika kichwa, akaenda. Nililia mpaka kwikwi zikaniuma mbavu. Siku ya Krismasi yenyewe tulikwenda kanisani, tukakuta watu wachache na mwinjilisti mgeni, tukarudi, Baba akapika wali na nyama. Alijitahidi. Aliweka hata bilauri mbili mezani. Nilikula bila kumsemesha, na nilihakikisha anaona kwamba simsemeshi.

Kesho yake wavuvi walikuja kweli, boti tatu, wameshona bendera, na wake zao na watoto wakajaa ufukweni na masufuria ya chakula. Baba alikuwa amevaa shati jeupe. Tulisimama wawili kando ya boti ya watu wanne. Nikamwamkia Mzee Ojwang' shikamoo, akaitikia, akatazama huku na huku, akatazama hata nyuma ya mti.

"Mwenyekiti, wenzako wako wapi?"

"Wamekwenda kwao."

"Na wewe je?"

Baba alikuwa anapaka mafuta kwenye vishikizo vya makasia, akaendelea kupaka. "Mimi si ndio nipo hapa," akasema.

Mzee Ojwang' alitaka kutuazima vijana watatu. Baba akakataa kwa heshima, akasema tutakwenda hivyohivyo. Tukaingia. Nafasi tatu zilikuwa tupu nyuma ya mgongo wake, na boti ikaonekana ndefu kuliko siku zote. Kipenga kilipopulizwa boti za wavuvi ziliruka mbele, kisha nikaona zinapunguza mwendo. Hawakutaka kutuacha mbali. Hilo liliniuma kuliko kushindwa. Baba alivuta, akavuta, jasho likampitia machoni, na sikumwambia kulia wala kushoto kwa sababu nilikuwa bado nimenuna. Alikuwa ananitazama, au nilidhani ananitazama. Baadaye nikaona macho yake yanapita juu ya kichwa changu. Siku ile hapakuwa na wingu hata moja. Machozi yakamtoka pamoja na jasho, nami nikasema moyoni mwangu kwamba anastahili, atakuwa anajutia tarehe aliyoipanga bila kufikiri.

Tulifika wa mwisho, tukapewa samaki na ugali, na wake wa wavuvi wakanisuka nywele. Baada ya mwaka mpya wanachama walirudi mmoja mmoja, wamebeba mikungu ya ndizi kama watu wanaokwenda kuomba msamaha kwa mkwe. Hakuna aliyezungumzia jambo lile. Mkutano uliofuata Mama Siaeli alisimama kabla ya sala, akapendekeza mashindano yawe baada ya Pasaka siku zote, na Baba akakubali. Chama kikakua. Ilipatikana boti ya pili, wavuvi wakajiunga, watoto wao na sisi tukafundishwa kuogelea, na watu wakaacha kuyapa maji mgongo. Krismasi zilizofuata mimi nilipanda na Mama Siaeli. Baba alibaki kulinda boti.

Nilikuwa sekondari Mzee Ojwang' aliponiambia, bila hata kujua kwamba ananiambia kitu, kwamba wao walitaka mashindano yale ya kwanza yafanyike Novemba. "Baba yako ndiye aliyeng'ang'ania Krismasi," akasema. "Tulimwuliza kama ana hakika, maana hata sisi tunajua Wachagga huwa mnakwenda wapi."

Ndipo nikakiona tena kile kiti chenye mto, na Baba anainuka kwenda kushika mbuzi, na wanamrudisha. Mwenye nyumba hapewi kiti cha mchungaji. Mwenye nyumba anachafuka damu. Walimpa heshima yote ya mgeni, ndugu zake, kwa upendo kabisa, kwenye nyumba aliyozaliwa. Hakuwa amesahau Krismasi. Alihitaji sababu ya kutopanda, na chama kizima hakikumkatalia.

Na likizo ileile, nilipokaa kwa mara ya kwanza kwenye makasia peke yangu, niligundua jambo jingine. Mtu mmoja mwenye makasia mawili hana haja ya mshika usukani. Anavuta zaidi upande huu, anavuta zaidi upande ule, boti inakwenda anakotaka. Baba alijenga boti Mwanza miaka mingi. Alilijua hilo siku Mama Siaeli amesimama mlangoni na mimi nimeshika viatu.

Siku hizi Desemba ikikaribia, barabara ya kutoka mjini kwenda mlimani inafurika magari, wafanyakazi wenzangu wanaulizana nani anapanda lini, na wananitania kwamba mimi ndiye Mchagga pekee anayeshuka. Baba amezeeka, lakini bado anavuta. Chama kizima kinakuwa kimekwenda kwao. Tunaisukuma boti majini sisi wawili, naye ananung'unika kila mwaka kwamba nimekuwa mzito, nyuma inazama. Sijawahi kumwambia ninachokijua, naye hajawahi kuniambia nikae kwenye makasia. Nakaa kule nyuma, nashika usukani usiohitajika, na akitazama juu ya kichwa changu namuuliza mlima unaonekanaje leo.