Dada na Kikombe Chake Mjini Katesh

Dada yangu alishuka kwenye lori la mnadani akiwa na mfuko mmoja wa rambo mkononi, na kabla sijamwamkia nikajua kilichomo. Mfuko ulikuwa umekaa umbo la kikombe. Nikasema, "Shikamoo dada," akaitikia marahaba akiwa amesimama hatua tatu kutoka nilipo. Mkono hakutoa. Ilikuwa asubuhi bado, mlima umejifunika mawingu, upepo wa Katesh unatupiga vumbi usoni, na mimi tayari nilikuwa nimekasirika.

Nieleze mapema ili nisionekane mtu wa hasira za bure. Dada alikuwa amefiwa na mtoto mchanga, wa kiume, miezi mitano nyuma. Kwetu, tangu zamani, mwanamke aliyefiwa na kichanga hukaa pembeni kwa muda. Haingii nyumba za watu, hanywi kwenye vyombo vyao, na zaidi ya yote hamkaribii mwenye mimba, kwa sababu inaaminika kwamba msiba ule unaweza kumfuata na yeye. Sisi tulizaliwa Masieda, baba mzee wa kanisa, na mambo hayo tuliyasikia kama habari za mababu. Lakini dada aliolewa bondeni, Getanuwas, kwa watu wa ng'ombe, na mama mkwe wake alisifika kwa kushika mila. Kwa hiyo wa kumlaumu nilishampata.

Na mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Baba na mama walishafariki. Mume wangu, mwalimu kama mimi, alikuwa amehamishiwa shule ya mbali ule mwaka ambao kila kitu kilikuwa kinahamishwa kwa sababu tumepata mkoa mpya. Nilitaka dada aje akae nami wakati wa kujifungua. Niseme ukweli, nilikuwa naogopa sana, na sikumtaka mtu mwingine yeyote. Nilimwandikia barua mbili. Alijibu moja, kwa mistari minne, kwamba hawezi kulala nyumbani kwangu na nimsamehe.

Ndipo nikapanga siku ile. Nilimpelekea salamu kwamba aje mjini tutembee tu, tunywe chai, tuonje vitu vitamu. Sisi tulikua wakati sukari ilikuwa ya kugawiwa, baba anarudi nayo kwenye karatasi ya gazeti kama amebeba dawa. Dada alikuwa ananihadithia usiku keki ambazo wala yeye hakuwahi kuziona. Sasa maduka yalikuwa yamejaa biskuti za kila rangi na migahawa inafunguliwa kila kona. Nilijiambia kwamba akikubali kunywa kikombe kimoja tu cha mgahawa, mbele yangu, habari ya mwiko imekwisha na atakuja. Sikuwa na mpango mwingine zaidi ya huo.

Tukaanza na mgahawa wa pale stendi. Nikaagiza chai ya maziwa mbili na maandazi. Dada akafungua rambo lake, akatoa kikombe cha bati, cheupe, chenye ukingo wa bluu uliobanduka, akakiweka mezani kama mtu anayetoa kitambulisho.

"Mama, naomba unimiminie humu," alimwambia mwenye mgahawa. "Ila chupa isiguse."

Yule mama akaweka chupa ya chai chini, mikono kiunoni. "Kwani vikombe vyangu vina nini?"

"Havina kitu, mama. Mimi ndiye…"

"Ana kidonda mdomoni," nikadakia.

Mama akalegea hapo hapo. Akamwambia dada asukutue kwa maji ya chumvi, asubuhi na jioni, na asile pilipili. Akamwita na mpishi aje aone. Mzee aliyekuwa benchi la pili akachukua chai yake akahamia la tatu. Dada alinitazama, kisha akamega andazi.

"Hamira imezidi," akasema. "Haya yameumuliwa kwa haraka."

Kila kitu ilibidi kiagizwe mara mbili, sahani yake na sahani yangu, na nikinyoosha mkono upande wake alikuwa anavuta sahani kama mtu anayecheza na paka. Nikamuuliza kama anaona tunavyotazamwa. Akasema anaona.

Kutembea naye kulikuwa kazi nyingine. Hakutaka kivuli chake kinipate, kwa hiyo akashika upande wa pili wa barabara, na mimi na tumbo langu ikabidi niwe napiga kelele kuvuka baiskeli, mbuzi na mikokoteni. "Dada, tujaribu visheti?" "Nini?" "Visheti!" Wanaume waliokuwa wanashusha magunia ya vitunguu wakaanza kuitikia, visheti, visheti, kila nikifungua mdomo. Mimi nafundisha watoto wa watu katika mji ule. Wawili kati yao walikuwa wamesimama pale pale dukani, wananiangalia mwalimu wao anavyofoka peke yake.

Tulipofika kwa mama wa hafukeki, aliyeuza kwenye sinia kibarazani kwake, niliona sasa nitalia. Dada alikataa kushika chochote kwenye sinia ambamo watu wengine wangechukua vyao. Akaniomba nimchagulie. Nikachukua moja.

"Siyo hiyo. Hiyo imeungua chini."

Nikachukua nyingine.

"Hiyo ya jana."

"Basi chagua mwenyewe!"

"Siwezi kugusa, mdogo wangu."

"Basi usiseme!"

Mwenye sinia alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Hatimaye nikamchagulia hafukeki na kipande cha kashata, akapokea kwa karatasi, akatafuna taratibu huku amefumba macho. Akasema hafukeki ni nzuri, ila karanga za kashata hazikukaangwa, zimepashwa moto tu. Nikaonja yangu. Alikuwa sahihi, na kusema kweli jambo hilo ndilo liliniudhi kuliko yote. Mtu ana ulimi wa namna ile, anaweza kukaa mjini akafungua mgahawa wake mwenyewe, halafu anazunguka na bati kwa sababu ya kibibi kimoja cha Getanuwas. Nilimwambia hivyo hivyo. Akanikanya nisimwite mama mkwe wake kibibi, akakung'uta makombo, akavuka barabara.

Silaha yangu kubwa nilikuwa nimeiweka ya mwisho. Kulikuwa na mgahawa mpya, umefunguliwa na dada mmoja aliyetoka Arusha, na kwenye ubao wa nje maneno Mkoa wa Manyara yaliandikwa makubwa kuliko jina la mgahawa wenyewe. Ndani kulikuwa na vitambaa vya meza, vikombe vya udongo na visahani vyake, na keki za krimu ndani ya kabati la kioo. Ilikuwa saa kumi, saa ambayo watumishi wa ofisi walikuwa wanakuja kunywa chai wakiwa wamevaa tai. Niliamini hakuna binadamu anayeweza kutoa kikombe cha bati mahali pale.

Alikitoa.

Mwenye mgahawa alikuja, kwa adabu kabisa, akasema vyombo vya nje haviruhusiwi. Moyoni nikamshukuru Mungu. Dada akaanza kukifunga kikombe chake ndani ya rambo, akasema hakuna shida, yeye atakaa tu anitazame nikinywa. Hakukasirika hata kidogo. Yule dada wa Arusha akaona haya, akasema basi kwa leo haina neno, akamimina mwenyewe, chai nzito ya maziwa yenye tangawizi, mpaka ukingoni.

Hapo uvumilivu ukanishinda. Nikamwambia yote, na sikusema kwa sauti ndogo. Kwamba baba angeona aibu kaburini. Kwamba huyo mama mkwe wake amemgeuza mtumwa. Kwamba mimi nitajifungua peke yangu kama mbuzi porini wakati nina dada, dada wa tumbo moja, mzima, ambaye kazi yake ni kulinda kikombe. Watu wa tai waliacha kutafuna. Nikanyoosha mkono, nikakichukua kikombe chake, nikanywa. Chai ilikuwa ya moto, iliniunguza ulimi, na sikuacha mpaka nikaona bati chini. Nikakirudisha mezani kwa kishindo.

"Haya," nikasema. "Nimekunywa. Nimekufa?"

Dada alitazama tumbo langu. Halafu akanitazama usoni, na nilichoona siyo hofu niliyoitegemea. Alikuwa amechoka tu.

"Mama mkwe alishamaliza," akasema. "Siku nyingi. Mwezi wa pili tu baada ya msiba alichinja kondoo, akaita majirani, akasema mwanangu arudi kwa watu, ale, anywe na wenzake. Yule mama hana kosa. Hiki kikombe ananikataza kila siku."

Sikuelewa. Nikamuuliza sasa ni nani anayemlazimisha.

"Hakuna. Toka siku ya kondoo hakuna mtu amemtaja tena mtoto wangu. Hata baba yake. Nikisema kitu, wananiambia Mungu atatupa mwingine, halafu wanaongea habari za mvua. Nikianza kunywa kwenye vikombe vyenu ndiyo itakuwa imekwisha kabisa, kama vile sikuzaa." Akakivuta kikombe upande wake, akakipangusa kwa ncha ya khanga. "Nikikitoa hiki, kuna watu wanauliza kuna nini. Basi nawaambia. Leo yule mama wa stendi aliniuliza. Nilitaka kumwambia. Wewe ukasema kidonda."

Nilikaa. Nadhani nilikuwa nimesimama muda wote ule bila kujua. Hasira ilikuwepo bado, ila sasa sikuwa na mtu wa kuielekeza kwake zaidi ya mimi mwenyewe.

"Na mimba yangu?" nikauliza. "Huogopi?"

"Naogopa. Mtu akishazika mtoto anaogopa kila kitu. Ndiyo maana natembea upande wa pili. Huko sijui kama ni mila au ni mimi mwenyewe."

Mwenye mgahawa akaleta keki mbili za krimu, akaziweka, akaondoka haraka. Hakuna aliyezigusa. Nikamwambia dada anihadithie. Sauti yangu haikuwa nzuri, ilitoka kama naamuru darasani, lakini alianza. Akasema mtoto alizaliwa na nywele nyingi mpaka shingoni. Akasema kila akitolewa nje asubuhi alikuwa anapiga chafya mara mbili, jua likimgusa pua, na shemeji alikuwa anamtoa makusudi ili dada acheke. Akanitajia jina lake, na nilitambua kwamba sikuwahi kulitamka. Kwenye barua zangu zote mbili nilikuwa nimeandika "matatizo yaliyokupata."

"Aliishi siku ngapi?" nikauliza. Dada wa mtu anauliza swali kama hilo miezi mitano baadaye.

"Kumi na tisa."

Siku kumi na tisa. Nilipata habari kwamba amejifungua salama siku ya pili yake, shuleni, mtu wa lori aliniletea mlangoni mwa darasa. Nilifurahi. Nilinunua hata kofia ya sufu. Lori la mnadani linakwenda kule kila wiki na kurudi, na nafasi ya kukaa mbele na dereva sikuwahi kunyimwa. Lakini tulikuwa katikati ya muhula, kuna madaftari ya kusahihisha, na nikamwambia yule mtu wa lori ampe salamu, nitakwenda likizo. Nilipofika likizo walikuwa wameshamzika, watu wamesharudi mashambani, na nilikaa saa mbili, nikaongea habari za mkoa mpya.

Nilimwambia hayo yote pale mezani. Hakunisaidia kwa kusema si neno. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amekishika kikombe chake kitupu kwa mikono miwili.

"Nisamehe, dada."

"Kula keki yako. Krimu itaanguka."

Tulikula, kila mtu sahani yake. Akasema krimu ni mafuta na sukari tu, lakini keki ya ndani imeokwa na mtu anayejua kazi yake. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anaendelea kutafuna. Aliomba chai nyingine. Yule dada wa Arusha akaja na chupa, akasita, akauliza kwa upole kama anaweza kujua kikombe kile kina habari gani. Mimi nikafunga mdomo wangu. Dada akamwambia, tangu mwanzo, na jina, na nywele, na chafya, na yule mwanamke akavuta kiti akakaa na chupa yake mapajani, na watu wa tai wakasubiri.

Lori lilikuwa linaondoka saa kumi na moja na nusu. Nilimsindikiza hadi stendi, yeye upande wake wa barabara, mimi upande wangu, na safari hii sikupiga kelele. Utingo alikuwa ameshaanza kugonga bodi, na dada ameshapanda, ameshika kamba, ndipo akainama kuelekea kwangu.

"Unategemea lini?"

Nikamwambia, katikati ya mwezi wa kumi, labda kabla.

"Nitakuja," akasema. "Ila uniite mapema. Usingoje likizo."