Kabati la Chaki na Asali

Mara ya kwanza Libère kuingia dukani kwa Shakuru, pale Bwiza, mtaa wa Bujumbura, alitaja bei ya kabati kabla hajaulizwa. Shakuru, aliyeishi kwa kununua vyombo vya waliokimbia vita na kuwauzia waliobaki, alijikuna shingo kuficha cheko. Mtu wa namna hiyo haibiwi, hujiibia mwenyewe.

Kabati lilikuwa la libuyu, mbao ya Kongo, zito hata wabebaji walitukana njia nzima. Libère, mtunza bohari wa eneo la viwanda, Zone Industrielle, alilitaka kwa harusi ya bintiye Joëlla. Bibi harusi haendi kwa mumewe mikono mitupu. Vyombo vyake hupakiwa kwenye kamionete, gari dogo la mizigo, na mtaa mzima hutoka kutazama. Kikikosekana cha maana, msichana atasemwa mpaka azeeke.

"Nikupakie vernis, muzee?" Shakuru alimuuliza, akionyesha mkebe wa vanishi. "Itang'aa kama kiatu ya waziri."

"Apana. Vernis ni ya washamba. Mi nitaipaka kizungu."

Kizungu chenyewe alikiona kwa mke wa bosi wake wa zamani, kabla risasi hazijawakimbiza: samani nyeupe zisizong'aa, zilizosuguliwa nta yenye harufu ya asali. Basi Libère akajiona fundi. Kwa vikwazo vya biashara ambavyo nchi jirani ziliiwekea Burundi, rangi ilikuwa adimu, kwa hiyo akatwanga chaki za shule kwenye kinu, akazichanganya na masalio ya rangi ya ukuta, akalipaka kabati lote. Alilipokea jekundu lenye afya, akaliacha na sura ya mgonjwa wa malaria.

Ikabaki nta. Muuza asali wa Buterere alimuuzia masega, akamwambia ayachemshe kwa maji na kuyachuja, asali itoke. Libère hakutaka kusikia. Akiitoa asali, harufu ya kizungu itatoka wapi? Akayayeyusha yalivyo, akasugua kabati mpaka ndani ya droo.

Shakuru alipita siku hiyo, akanusa, akaenda zake. Ushauri nao ni bidhaa, na hakuna aliyeuulizia.

Siku mbili kabla ya harusi, shangazi wa bwana harusi, mama Léoncie, alikuja kusalimu, yaani kuchungulia. Akashika kabati, kiganja kikanata. Akafungua mlango. Sisimizi walimwagika kama watu wanaotoka misani.

"Yee! Libère, hii ni kabati ao ni kichuguu?"

"Ni modeli ya Ulaya, mama."

"Basi ita Wazungu wakuje kuwafukuza! Mutoto wetu anaoa muke, haoe sisimizi. Hii haingie kwetu!"

Libère alifika dukani kwa baiskeli, anahema. "Shakuru ndugu yangu, niokoe. Rudisha kabati, unipe kitu ingine."

"Ndugu yako tangu lini? Juzi nilikuwa mushamba." Shakuru hakuinuka hata kitini. "Ile si kabati tena, ni chakula. Leta pamoja na baiskeli yako. Nitakupa meza na viti vinne vya kalitusi."

"Na baiskeli pia?"

"Basi ngoja kesho. Kesho nitataka na redio."

Libère akaacha baiskeli palepale.

Jumamosi kamionete iliondoka na meza na viti. Mama Léoncie alivipindua kimoja kimoja, hakuona mdudu, akapiga vigelegele. Joëlla akapokelewa bila neno.

Shakuru aliosha chaki kwa maji moto na sabuni, akapaka vernis, na muuza vitenge mmoja akalichukua kabati wiki ileile, baada ya kubishania bei mpaka sauti ikamkauka. Alichopoteza ni sukari yake ya chai, maana sisimizi walihamia humo. Libère yeye alipata heshima ya binti yake, wala si kwa akili yake. Sasa huenda bohari kwa miguu juani, na yeye humwambia kila anayemsimamisha kwamba watu wa Bujumbura bado hawajui vitu vizuri.