Ngamia wa Duksi

Juzi hapa mtaani Iftin nilimwona maalimu akichekesha wajukuu wangu, roho ikaniuma.

Nilikuwa na miaka saba ukame ulipomaliza ngamia wetu. Nikapewa mbuzi wa watu nichunge, ndugu yangu Abdi akapelekwa duksi kusoma Kurani. Alasiri moja nilichungulia ua wao wa miiba, wino wao wa kuandikia mbao, wa masizi na maziwa, ukinukia. Maalimu alikuwa amepiga magoti kama ngamia, Abdi mgongoni.

“Soma vizuri, ama ngamia hasimami.”

Abdi akasoma, akainuliwa, wote wakacheka. Nikadhani Mungu hubeba waliosoma tu.

“Wewe mchungaji, ingia.”

“Mbuzi watapotea, maalimu.” Nikarudi malishoni, na duksi sikuingia tena maishani.

Abdi mpaka leo husoma akitabasamu, na bado namwonea wivu. Mimi nina ngamia, duka na malori mawili.