Wimbo Aliouinukia Shangazi

Kuna watu wanamwonea wivu jirani mwenye gari. Mimi namwonea wivu shangazi yangu, mama wa makamo anayesuka ukili wa mikeka uani kwetu hapa Bagamoyo, na wivu wenyewe ni wa muziki wa roki. Nikisema hivyo watu wanacheka, wanadhani ni utani wangu wa kila siku. Safari hii sitanii.

Mimi ni fundi simu, nina kibanda karibu na stendi. Shule niliishia darasa la saba, lakini mdomo ninao. Kwa mdomo huo nilijipatia cheo kwenye grupu moja la simu la wapenzi wa roki na metali, ile roki ya kunguruma kama jenereta lililoishiwa oili. Humo kuna watu wa Dar, Arusha, Mwanza, na huku Bagamoyo niko peke yangu. Albamu mpya ikitoka, nilikuwa nasubiriwa mimi. Naisikiliza, narekodi voisi, natoa maksi kwa kumi. Namwambia mtu ngoma hizi zinapigwa na mpangaji anayedaiwa kodi aliyemwona mwenye nyumba. Namwambia mwimbaji analia vizuri, ila kalia albamu nzima, mpelekeni hospitali. Grupu linacheka, na albamu niliyoiponda hakuna anayeimalizia bando lake.

Shangazi aliingia kwa bahati mbaya. Nilikuwa narekodi uani, yeye yuko kwenye mkeka na ukili wake, nikamsikia nyuma yangu.

"Huyu anamsema nani?"

"Hamsemi mtu, shangazi. Ni metali tu."

"Mtu hapigi makelele hivyo bila mtu wa kumpigia. Labda mke mwenzie."

"Ni mwanaume."

"Basi mkwewe."

Voisi ikaenda na maneno yake humo ndani. Ujue shangazi kakulia kwenye kumbi za taarabu. Kule wimbo haupewi maksi. Mstari ukimgonga mbaya wako unainuka, unapita taratibu mbele ya kiti chake, unakwenda kumtunza mwimbaji noti, na ukumbi mzima unajua nani kapigwa. Kwa hiyo shangazi ana vipimo viwili tu: wimbo wa kuinukia na wimbo wa kukalia. Grupu wakavipenda. Haikupita muda, nikitoa maksi saba mtu ananijibu, "Sawa, lakini shangazi kainuka?" Wanaume wazima, wana ndevu na fulana za mafuvu, wananiuliza shangazi kaamkaje.

Hapo kijiba cha roho kikaanza. Mimi hizi bendi nimezitafuta kwa bando langu, nimezisikiliza mpaka masikio yakaota sugu. Yeye ukimuuliza gita la besi ni lipi atakuonyesha jiko la mkaa. Halafu yeye ndiye anasubiriwa.

Ikaja albamu ya bendi moja ya vijana wa Dar, wanaoimba metali kwa Kiswahili. Wakatutumia kabla haijatoka, wakasema watachagua voisi moja ya mchambuzi waiweke kwenye tangazo lao. Mwenye grupu, kaka mmoja wa Arusha, akanipigia. "Hiyo ni yako, mdogo wangu." Nikatangaza stendi nzima. Dereva wa bajaji nilimwambia, muuza chipsi nilimwambia, hata mteja aliyeleta simu iliyodumbukia kwenye mchuzi nilimwambia kabla sijaipokea.

Nikarekodi. Nikasema gita la wimbo wa kwanza limekaangwa kwa mafuta mapya, ukiliweka mdomoni linaunguza ulimi. Wimbo wa mwisho, ule wa polepole, nikasema ni wa kulalia. Maksi nane. Sijawahi kutoa voisi nzuri kama ile.

Jioni kaka wa Arusha akajibu: "Safi. Sasa mpe shangazi asikilize."

Nilitaka kusema shangazi kaenda Zinga. Lakini mwenyewe alishaiona spika. "Ndio hao watoto wa Dar? Weka."

Nikaweka. Wimbo wa kwanza, ule niliousifu, akasuka tu. "Huyu kakasirika, hajui kamkasirikia nani. Atachoka." Wa pili akasuka. Wa tatu akaniuliza kama nimenunua nazi. Nikaanza kufurahi, Mungu anisamehe. Ukafika wa mwisho. Kijana anamwimbia kaka yake aliyepata kazi akaacha kupokea simu za nyumbani. Haungurumi, anaongea tu, na gita moja nyuma yake. Vidole vya shangazi vikasimama. Akaweka ukili chini, akainuka, akajifunga kanga vizuri, akaupita ua mzima kwa mwendo wa ukumbini, shingo juu, akaweka noti juu ya spika. Shangazi ana kaka mmoja tu, baba yangu, yuko Tanga, na nyumbani sote tunajua anavyopokea simu.

Nilikuwa narekodi. "Mbona umeinuka, shangazi?"

"Huyu ana mtu anayemwimbia," akasema. "Wale wengine wanauimbia ukuta." Kisha akachukua noti yake, akaifunga tena kwenye pindo la kanga. "Spika haili wali."

Voisi ile nilikuwa na nia ife palepale. Kidole kilikuwa kwenye kufuta. Shangazi akaja kusimama begani kwangu.

"Imeenda?"

"Mtandao mzito."

"Mbona vimistari vimejaa?"

Fundi simu mzima nikaumbuliwa na vimistari. Nikatuma.

Tangazo likatoka: giza, moshi, gita, halafu sauti ya shangazi. Na mimi nimo, sikatai. Nimo kwenye "Mbona umeinuka, shangazi?" Asubuhi dereva wa bajaji akaegesha mbele ya kibanda.

"Nimekusikia, bwana. Umeuliza vizuri."

"Mimi ni mchambuzi."

"Ndiyo. Mchambuzi wa kushika simu."

Muuza chipsi alicheka mpaka mayai yakaungua. Angekuwa mwingine kafanyiwa hivyo, na mimi ningecheka.

Nyumbani nikamwamkia shangazi kwa mdomo wa pembeni.

"Marahaba. Umenuna."

"Sijanuna."

"Baba yako akinuna anautoa mdomo hivyohivyo. Wamenisikia huko?"

"Dar nzima."

"Na ya kwako iko wapi?"

"Hawajaiweka."

"Mimi sijaisikia. Weka."

Nikasingizia betri. Akanyoosha mkono, akaiwasha spika mwenyewe. Basi nikaiweka, maksi nane na yote. Alisikiliza ukili ukiwa mapajani, hausuki. Kwenye gita la mafuta mapya akacheka kwa pua. "Rudia hapo," akasema. Wivu ulikuwa haujaisha. Nikarudisha nyuma, nikaongeza sauti, na majirani wasikie.