Mjerumani na Kikombe cha Chai

Wiki hii nimekuwa mkalimani wa Kiingereza na Kiswahili, mimi bibi niliyeishia darasa la tatu. Mwandishi wa habari Mjerumani, aliyeletwa kufanya kazi miezi miwili katika gazeti la hapa Birmingham, alikuja mtaani kwetu Small Heath kumhoji mama Mkongo mwenye duka la vitenge jinsi alivyokimbia vita. Mama akamwekea chai na andazi. Mgeni akakisukuma kikombe kwa kidole kimoja.

"Kazini kwetu haturuhusiwi kupokea kitu kwa mtu tunayemhoji."

Mama akalifunga daftari la mgeni, akanigeukia. "Bibi, umuambie: chai yangu anaogopa, lakini vita yangu anataka kubeba bure?"

Nilitafsiri bila kupunguza makali. Mgeni akawa mwekundu usoni kwa aibu, akanywa vikombe viwili, ndipo akasimuliwa. Wakubwa wake wakiuliza kama alihongwa, waambieni ndiyo, na andazi alilimaliza.