Mkalimani wa Maharamia

Ile picha ya maharamia niliiona mara nyingi mno, na kila mara niliichukia zaidi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mtoto wa mchinjaji wa Kiislamu wa mjini Embu, na kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya kitambaa cheupe na kuwaambia watu kinachosemwa. Miaka ile ya hali ya hatari, kabla ya Uhuru, serikali ya mkoloni ilikuwa na gari la sinema lililozunguka vijiji vya Embu na Meru, vile ambavyo watu walikusanywa kwa nguvu na kuzungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa. Watu walichimbishwa mitaro asubuhi, wakichapwa migongoni, halafu wakaletewa sinema ili wafurahi. Niliajiriwa kwa sababu nilijua Kiingereza cha shule, Kiswahili cha nyumbani kwetu na Kiembu cha mama yangu. Nilijiona mtu wa maana sana. Nilikuwa na viatu.

Kwa ajili ya kafyu, amri ya kutotoka nje usiku, hatukuweza kuonyesha jioni. Tulionyesha saa nane mchana, ndani ya darasa au ghala, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, watu wamebanana wakinuka jasho na moshi.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Nahodha mmoja amenyang'anywa meli na ndugu yake. Anaokota walevi wa bandarini, anawageuza maharamia, na anamwinda ndugu huyo toka kisiwa hadi kisiwa. Njiani wanachoma meli za watu, wanakata vichwa, wanawatupa watu majini wakiwa hai. Mwishoni anamchoma ndugu yake upanga wa kifua. Ndugu anashika kamba, anazungumza maneno mengi, anaomba msamaha, kisha anafumba macho polepole kama mtu aliyeshiba.

Kila mahali watu walikuwa na maoni yao. Baba yangu na wachinjaji wenzake waliitazama mjini wakaibishia wiki nzima. "Huyo hajawahi kuchinja hata kuku," baba alisema. "Kisu kikiingia pale, pumzi inatoka na povu. Hayo maneno anayatoa wapi?" Upande wa Kiambere mzee mmoja aliniuliza ule ni mto gani usio na ng'ambo, halafu akashangaa kwamba watu wazima wanapanda kamba na kurukiana hali mshale mmoja wenye sumu ungemaliza maneno. Wanawake wa Nkubu walimhurumia binti wa kwenye picha kwa sababu ya kiuno chake chembamba. Walitaka kujua kama kwao kulikuwa na njaa.

Kulikuwa na mahali ambapo maharamia wanaweka mikono juu ya upanga mmoja na kuapa. Kwa Kiswahili jambo hilo lina jina lake: wanakula kiapo. Siku yangu ya kwanza nikasema hivyo hivyo, bila kufikiri, kwa sauti ya kuringa. Mtu mmoja akacheka kwa pua. Wakati ule wapiganaji wa msituni walioipinga serikali ndio waliokula kiapo, na maneno hayo mawili yalitosha kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Homugadi, yaani wale wanakijiji waliopewa bunduki na serikali, waliwatoa nje wanaume watatu waliokuwa upande wa kile kicheko na kuwachapa kwa kamba zilizolowa maji, nasi ndani tukaendelea kutazama bahari. Tangu siku hiyo picha ikifika pale nilisema, "Wanapatana mshahara." Watazamaji walinitazama kwa dharau. Sikujali, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba mkalimani anaweza kuweka neno lolote mahali pa jingine na dunia ikaendelea.

Sasa kuna kijiji kimoja ambacho sitakitaja, katika miteremko ya kati ya Embu na Meru. Mdogo wa mama yangu alikuwa ameolewa huko. Kwetu mjini tulikuwa tumeacha kumtembelea, kwa woga tu, sina neno zuri zaidi. Siku tulipofika alinikuta nikitundika kitambaa ukutani. Hakunisalimu kwa furaha wala kwa lawama. Alishika upande mmoja wa kitambaa akanisaidia kukivuta, huku akisema chini chini.

"Mwana wa dada yangu, unajua mume wangu aliuawa."

Nilijua. Tulisikia kwamba watu wa msituni walikuja wakamkata, na kwamba kijana wake mkubwa ndiye aliyewaonyesha njia. Kijana huyo alikuwa jela, akingoja kesi ya kunyongwa.

"Ni uongo," akasema. "Nilikuwa jikoni, mlango uko wazi. Aliyemkata ni mkuu wa homugadi wa hapa. Waligombania mpaka wa shamba tangu zamani. Mwanangu alikuwa Chuka siku hiyo, kwa shangazi yake. Nimetaka kumwambia yule mzungu, afisa wa serikali wa huku, lakini hajui Kiembu, nami Kiswahili sina, na kila mkalimani wa hapa ni wa nyumba ya mkuu. Wewe ni wangu. Leo mzungu atauliza watu wameonaje picha. Nitasimama. Wewe sema nilivyosema, usipunguze."

"Nitasema, mama," nikamwambia. Nilikubali haraka, jinsi mtu anavyokubali kumpelekea mwenzake barua.

Tukaonyesha picha. Mkuu wa homugadi alisimama mlangoni muda wote, bunduki begani na rungu mkononi. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kidogo, na alifurahia sana zile meli kuungua. Picha ilipoisha mablanketi yakashushwa, na yule afisa wa kizungu akaketi kwenye meza ya mwalimu na daftari lake. Alitakiwa kuandika maoni ya watu. Mzee wa kwanza akasema picha ni nzuri. Wa pili akasema ni nzuri, na serikali pia ni nzuri. Wa tatu akarudia hayo hayo. Afisa alianza kugonga meza kwa kalamu.

Mama yangu mdogo akasimama. Alisema kwa Kiembu, polepole, kama anayempimia mtu nafaka.

"Mimi naona picha hii imedanganya mahali pamoja. Yule ndugu wa nahodha hakufa. Mtu aliyekatwa kwa panga hapa," na akaweka mkono kati ya shingo na bega, "hasemi kitu. Anafungua mdomo, inatoka damu. Anapiga magoti kwanza. Halafu anaangukia upande uliokatwa, na mguu mmoja unachakura udongo kama kuku. Unachakura kwa muda mrefu. Aliyemkata anamkanyaga mgongo apate kuchomoa panga, maana mfupa umelishika. Anachomoa, anakata tena. Mkidhani nadanganya, muulizeni huyo aliye mlangoni. Mume wangu alifia miguuni pake, na panga lilikuwa lake. Mwanangu hakuwepo. Mwacheni mwanangu."

Mkuu wa homugadi hakumtazama yule mama hata kidogo. Alinitazama mimi. Alinijua, na duka la baba yangu alilijua, kwa sababu ng'ombe wetu wengine walipita kwa ruhusa yake.

"Huyu mama nasema nini?" afisa akauliza kwa Kiswahili chake. "Maneno mingi sana."

Maneno nilikuwa nayo. Nayasema hapa kwa sababu watu hudhani mwoga huishiwa na maneno. Nilikuwa nayo yote kwa mpangilio, kwa Kiswahili safi cha kwetu, tangu "panga" hadi "mwanangu". Ilikuwa kufungua mdomo tu.

"Anasema picha ni nzuri," nikasema.

"Yote hiyo?"

"Amependa sana vita, bwana."

Afisa akacheka, akaandika. "Mwambie asante."

Nami nikamgeukia mama yangu mdogo, mbele ya kijiji kizima kilichosikia alichosema na kilichosikia nilichosema, nikamwambia kwa Kiembu kwamba bwana anashukuru. Nyuma kabisa mtu alisonya. Yeye alibaki amesimama, mkono bado uko shingoni.

Afisa alikwenda kunywa chai kituoni. Gari lake lilipovuka daraja la handaki, mkuu wa homugadi akafunga mlango. Hakuuliza swali. Rungu la kwanza lilimpata mama kwenye taya, na nililisikia taya likivunjika, mlio mkavu, mdogo kuliko nilivyotazamia. Meno yalidondoka kwenye sakafu ya darasa. Alipoanguka homugadi wawili wakamjia kwa mateke ya mbavu na tumbo, na mkuu akaendelea kupiga mdomo ule ule, akilenga. Mwanamke mmoja aliyejaribu kumlalia ili kumkinga alipigwa kitako cha bunduki kisogoni. Wengine wote waligeukia ukuta.

Mimi nilikuwa nakunja mkanda wa picha. Ilibidi ukunjwe kwa mkono, urudi mwanzo, kwa kuwa kesho yake tulikuwa na kazi Nkubu. Nilizungusha ule mpini. Nilijiambia kwamba mkanda ukikatika nitalipishwa. Nikazungusha mpaka mwisho, na walikuwa hawajamaliza.

Baadaye mkuu alinijia, mkono wa shati umeloa damu. "Wewe kijana ya town uko sawa," akaniambia. "Unajua kazi yako." Akaninyooshea mkono. Nikaupokea.

Yule kijana wa mama yangu mdogo alinyongwa kabla mvua za vuli hazijaanza. Habari ilitufikia dukani, baba akiwa anapasua mbavu za mbuzi. Ningependa kuandika kwamba niliacha kazi siku hiyo. Sikuacha. Niliendelea na maharamia wangu karibu mwaka mzima, na picha ikifika pale ndugu anapochomwa nilitazama viatu vyangu. Naona aibu, na uzee haujaipunguza.

Baada ya Uhuru nilikwenda kwake. Nilibeba sukari, blanketi na nyama ya paja, vitu vya mtu asiyejua abebe nini. Alikuwa ameketi uani na binti yake, wakichambua kunde kwenye ungo. Taya lilikuwa limeunga vibaya na mdomo ulikwenda upande. Niliketi chini, mbele yake, nikazungumza kwa Kiembu, lugha ambayo mama yangu ndiye aliyemfundisha yeye akiwa mtoto. Nilimwambia yote. Nilimwambia maneno nilikuwa nayo mdomoni. Nilimwambia kuhusu ng'ombe wa baba, na ule mkono niliopokea, na jina la mwanawe, ambalo nilikuwa sijalitamka tangu siku ile. Nilisema kwa muda mrefu mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia, na nililia bila kujificha.

Nilipomaliza, hakunitazama. Alimgeukia binti yake.

"Mgeni anasema nini?" akauliza.

Binti alinitazama kidogo, kisha akarudisha macho kwenye ungo.

"Anasema pole," akajibu.